Paxtu ya Nyeri: Tuisome Nyumba Hii Kurasa Zote

Wahenga walinena kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Walimu wa Kiswahili tumezoea kuwafafanulia wanafunzi maana ya ndani ya methali hii, kwamba thamani ya kitu haipimwi kwa sura yake ya nje. Leo ningependa tuirejelee maana yake ya juu, ile ya nyumba na mlango, kwa sababu ipo nyumba moja ndogo mjini Nyeri ambayo wengi huifikia mlangoni, wakapiga picha, wakaenda zao. Nyumba hiyo inaitwa Paxtu. Imo katika uwanja wa hoteli ya Outspan, na imehifadhiwa kama makavazi madogo kwa kuwa ndimo alimoishi na kufia Robert Baden-Powell, mwasisi wa chama cha maskauti duniani.

Wananchi wanaoizungumzia nyumba hii wamegawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza huiona kama mahali patakatifu. Hawa huja na skafu na beji zao, wakaziacha humo kama sadaka, na hawaulizi swali. Fungu la pili huiona kama masalio ya ukoloni yasiyostahili hata kutajwa darasani. Hawa nao hawaulizi swali. Maoni yangu ni kwamba mafungu yote mawili yamesimama mlangoni. Paxtu ni matini, na matini husomwa. Ina maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa, na ina mengine mengi yaliyoachwa bila kuandikwa. Kazi ya mwalimu na mwanafunzi ni kuyasoma yote mawili.

Tuanze na umbo lenyewe. Paxtu ni nyumba ya ghorofa moja, iliyojengwa mwaka 1938 kwa ajili ya mzee aliyekuwa na umri wa miaka 81 na mkewe. Haina fahari ya kasri. Ina sebule yenye meko ya kuotea moto, vyumba vya kulala, na veranda pana iliyoelekezwa upande wa Mlima Kenya. Kila sehemu ina sababu yake. Meko yapo kwa kuwa Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake una baridi inayopenya mifupani. Ngazi za ghorofani hazimo kwa kuwa moyo wa mwenye nyumba ulikuwa umechoka. Veranda ni pana kwa kuwa mchana wote wa mkazi huyo ungepita hapo, akichora na kuandika na kutazama.

Lakini msomaji wa lugha hatosheki na mawe na mbao. Huyatazama pia majina ya vitu. Neno "veranda" lilifika katika Kiingereza kutoka India, na wataalamu bado wanabishana kama lina asili ya Kireno au ya lugha za huko huko India. Neno "bangalo", linalotaja nyumba za ghorofa moja za aina hii, limetokana na "bangla", yaani nyumba ya mtindo wa Bengali. Kwa hiyo, nyumba ambayo watalii huiona kuwa ya Kiingereza kamili ina damu ya Bara Hindi katika umbo lake. Mwingereza alijifunza India namna ya kuishi kwenye jua kali pasipo kuacha kukaa nje, akaibeba elimu hiyo hadi Afrika Mashariki. Sisi wa huku tulikuwa na neno letu na mtindo wetu. Mswahili wa Lamu na Mombasa alikuwa na baraza mbele ya nyumba yake karne nyingi kabla ya hapo. Hata hivyo, kuna tofauti kubwa kati ya hizo mbili. Baraza huelekea njiani ili mpita njia aketi, asalimiane, apewe kahawa. Veranda ya Paxtu imeelekezwa mlimani, na watu hawamo katika mandhari yake.

Lipo pia neno "koteji". Katika Kiingereza cha kale neno hilo lilitaja kibanda cha mkulima maskini. Kadiri wenye mali walivyojenga vijumba vya mapumziko mashambani, neno likahama kutoka kwa maskini likaenda kwa tajiri, likabeba sifa ya upole na utulivu. Nyeri ya mwaka 1938 ilikuwa na vijumba vingi vidogo kuliko Paxtu, lakini hakuna aliyeviita koteji. Viliitwa vibanda. Mwanafunzi anayejifunza semantiki hana haja ya kutafuta mfano wa mabadiliko ya maana katika vitabu vya ng'ambo. Mfano uko hapo Nyeri, una paa na milango.

Sasa tuyaangalie majina yenyewe. Hoteli ya Outspan ilifunguliwa mwaka 1928 na Eric Sherbrooke Walker, ambaye zamani alikuwa katibu wa Baden-Powell. Jina lake lina asili ya Kiafrikana, "uitspan", maana yake kuwafungua ng'ombe nira mwisho wa safari. Ni mahali pa kutua mzigo. Nalo jina Paxtu ni mchezo wa maneno. Familia ya Baden-Powell ilikuwa na nyumba huko Hampshire, Uingereza, iliyoitwa Pax Hill. Waliipata wakati Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuwa vimemalizika, wakaipa jina la Kilatini lenye maana ya amani. Ya Nyeri ikawa "Pax" ya pili, na kwa kuwa neno la Kiingereza la "mbili" na lile la "pia" hutamkwa sawa, jina likawa na maana mbili kwa mpigo: amani ya pili, na amani hapa pia.

Basi katika uwanja mmoja kuna jina la mapumziko na jina la amani. Majina hayo si uongo. Walioyatoa walipumzika kweli, na walipata amani kweli. Swali la mwanaisimu ni lile analouliza kila anapokutana na neno: nani analisema, anamwambia nani, na nani yuko karibu asiyeambiwa?

Mkazi wa kwanza alihamia humo mwishoni mwa mwaka 1938. Baden-Powell alizaliwa Februari 22, 1857. Kwa Waingereza alikuwa shujaa wa Mafeking, mji wa Afrika Kusini uliozingirwa na Makaburu kwa siku 217 kati ya Oktoba 1899 na Mei 1900. Kwa vijana wa dunia alikuwa mwandishi wa kitabu cha mwaka 1908 kilichoanzisha uskauti. Katika veranda ya Paxtu alichora wanyama na ndege, akaandika vitabu vyake vya mwisho, akafuga pimbi kama mtoto afugavyo paka. Alifariki humo Januari 8, 1941, akazikwa katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro mjini Nyeri. Kaburi lake limetangazwa na serikali ya Kenya kuwa kumbukumbu ya taifa. Majivu ya mkewe Olave, aliyefariki mwaka 1977, yaliletwa akaunganishwa na mumewe hapo.

Juu ya jiwe la kaburi hilo pamechongwa duara lenye nukta katikati. Ni alama ya wafuata nyayo, yenye maana kwamba aliyetangulia amekwenda nyumbani. Huu ni mfano bora wa elimu ya alama, maana sentensi nzima imesemwa pasipo neno hata moja, na skauti wa Japani na wa Nyeri wanaielewa sawasawa. Siwezi kumlaumu kijana anayeguswa moyo na alama hiyo. Mwanafunzi wa darasa la sita aliyefunzwa kusoma nyayo, kuwasha moto, kufunga mafundo na kumsaidia jirani kila siku amefunzwa mambo mema, na mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Hata hivyo, haki ina pande mbili. Mwaka 1896, katika nchi ya Wandebele ambayo leo ni sehemu ya Zimbabwe, ofisa huyo huyo aliidhinisha kuuawa kwa Uwini, kiongozi Mwafrika aliyekuwa mateka mikononi mwake. Uchunguzi ulifanywa, naye akaondolewa lawama na wakubwa zake. Huko Mafeking nako, jinsi Waafrika walivyogawiwa chakula wakati wa mzingiro ni jambo ambalo wanahistoria wanalijadili hadi leo. Hapa kuna somo kubwa kwa wanafunzi wa lugha. Ndani ya mji ule uliozingirwa alikuwemo kijana Mwafrika aliyefanya kazi ya ukalimani mahakamani, Sol Plaatje, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi mashuhuri wa Kisetswana na Kiingereza. Kila siku aliandika aliyoyaona katika shajara yake. Dunia ilisoma habari za Mafeking kwa zaidi ya miaka 70 kabla ya shajara hiyo kuchapishwa mwaka 1973. Mkalimani alikuwapo, alisikia, aliandika, lakini sauti yake ilichelewa mno kufika. Najiuliza ni nani aliyekuwa Plaatje wa Paxtu.

Mkazi wa pili anayetajwa alifika kwa njia nyingine. Jim Corbett alizaliwa Naini Tal, India, mwaka 1875. Alisifika kwa kuwawinda chui na simbamarara waliokuwa wakiwala watu katika vilima vya Kumaon. Simbamarara wa Champawat, ambaye hesabu za wakati ule zilisema ameua watu 436, aliuawa na Corbett mwaka 1907. Umri ulipokwenda aliiweka bunduki kando, akashika kamera, akatetea uhai wa wanyama wale wale. Hifadhi ya taifa aliyosaidia kuianzisha nchini India mwaka 1936 ina jina lake hadi leo. India ilipopata uhuru mwaka 1947, yeye na dada yake Maggie walihamia Kenya, na baadaye wakapanga Paxtu. Hapo ndipo alipoandika baadhi ya vitabu vyake, na hapo Nyeri akafariki Aprili 19, 1955. Kaburi lake halina umbali na la Baden-Powell.

Wakazi hawa wawili walishabihiana kwa jambo moja. Wote walikuwa wasomaji wa alama. Baden-Powell aliwafundisha vijana kuusoma unyayo na jani lililovunjika. Corbett alizijua sauti za msitu, akatambua kwa mlio wa nyani au wa paa kwamba chui anapita. Wote wawili walijifunza mengi kutoka kwa wenyeji wa nchi walizopitia, na majina ya walimu wao wengi hatunayo. Corbett ndiye aliyekuwa mlinzi katika hoteli ya juu ya mti, Treetops, usiku wa Februari 5, 1952, binti mfalme Elizabeth alipolala huko. Baba yake alifariki usiku huo, naye akawa malkia akiwa katika nchi yetu. Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi. Kisichosimuliwa sana ni kwamba miezi minane baadaye, Oktoba 20, 1952, hali ya hatari ilitangazwa Kenya, na mwezi wa Mei mwaka 1954 wapiganaji wa Mau Mau wakaiteketeza Treetops.

Hawa ndio wakazi wanaotajwa. Wapo wengine. Nyumba yoyote ya aina ile, wakati ule, ilihitaji mikono ya kuchanja kuni za meko, kufua mashuka, kupalilia bustani, kuchemsha maji ya kuoga alfajiri na kuleta chai verandani. Ilihitaji mafundi wa kuinua kuta na kuezeka paa. Watu hao walijua kila ubao wa sakafu unaolia. Walikuwa wakazi wa Paxtu kwa saa nyingi za mchana, ingawa hawakulala humo, na hawakuandikwa mlangoni.

Wala si majina yao tu yaliyopotea. Lugha yao na bwana zao nayo imepotea. Katika nyanda za juu, walowezi na watumishi wao walizungumza Kiswahili cha aina yake kilichokuja kuitwa Kisetla. Kilikuwa Kiswahili kilichokatwa upatanisho wa kisarufi, kikabakizwa amri. Aliyetaka viti viwili angesema "leta kiti mbili", na mtu mzima mwenye wajukuu angeitwa "boi". Mwaka 1936, F. H. Le Breton alichapisha kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara kwa ajili ya askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Mtumishi hakuwa mmoja wa wale waliokusudiwa kukisoma. Mwaka 1939, Baden-Powell akiwa Paxtu, ndipo ilipotoka kamusi ya Kiswahili sanifu iliyoandaliwa chini ya Frederick Johnson na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Tazama hali ilivyokuwa: kwenye meza za kamati lugha ilikuwa ikisafishwa na kupangwa, na kwenye veranda za Nyeri, Nanyuki na Nakuru lugha hiyo hiyo ilikuwa ikitumiwa kama kengele ya kumwita mtu.

Msamiati wa veranda hizo ulikuwa na neno jingine lililotoka India kama veranda zenyewe. Mke wa mlowezi aliitwa "memsahibu". Sehemu ya pili ya neno hilo ni ya Kiarabu, na imeenea pande nyingi za Bahari ya Hindi. Ilipofika India ilipata maana ya bwana mkubwa. Ilipofika pwani yetu, ikawa "sahibu", yaani rafiki wa karibu. Neno moja, bahari moja, maana mbili. Mtumishi wa Nyeri alilipokea neno hilo kupitia India, likiwa limebeba cheo, ilhali ndugu yake wa Mombasa alilitumia kumwitia mwenziwe aketi barazani. Sioni mfano ulio wazi kuliko huu wa kuonyesha kwamba maana ya neno hutegemea nani yuko juu na nani yuko chini wakati neno linapotamkwa.

Sasa tutoke nje ya uwanja wa hoteli, maana nyumba haieleweki bila majirani zake. Mwaka 1934, Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Carter ilitoa ripoti yake, na mwaka 1939 amri ya mfalme ikathibitisha mipaka ya nyanda za juu zilizotengwa kwa Wazungu. Madai ya Wagikuyu kuhusu ardhi yaliachwa yakifukuta chini ya majivu. Moto ulipolipuka, Paxtu ilikuwa katikati ya misitu miwili ya vita: Nyandarua upande mmoja, na Mlima Kenya, Kirinyaga, upande wa pili. Mandhari yale ya verandani yalikuwa ndiyo maficho ya wapiganaji. Dedan Kimathi, mzaliwa wa Nyeri, alipigwa risasi na kukamatwa Oktoba 21, 1956, akashtakiwa mjini humo humo, akanyongwa Februari 18, 1957.

Na katika miaka ya 1954 na 1955, wakati Corbett alipokuwa akimalizia maandishi yake karibu na meko, serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu zaidi ya watu milioni moja wa Mkoa wa Kati na sehemu za jirani, ikawasongamanisha katika vijiji vilivyozungushiwa ulinzi. Nyumba zao zilibomolewa au kuchomwa. Zilikuwa nyumba za duara zilizoezekwa kwa nyasi: nyumba ya mama yenye mafiga matatu katikati, na thingira, chumba cha baba, mahali ambapo wavulana waliketi jioni wakafunzwa hadithi, vitendawili na heshima. Usanifu huo ulikuwa na sababu zake kama ulivyo ule wa Paxtu. Moshi wa mafiga ulihifadhi paa dhidi ya wadudu. Mpangilio wa ndani ulionyesha nani hulala wapi na kwa nini. Makao hayo yalikuwa na wakazi, nao walikuwa na visa. Hayakuachiwa nafasi ya kuwa turathi.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu. Nyumba huwa turathi kwa sababu imesalia, na husalia kwa sababu kuna aliyekuwa na uwezo wa kuilinda. Kwa hiyo kuisifu Paxtu bila kuzitaja nyumba zilizochomwa kuizunguka ni kusoma ukurasa mmoja wa kitabu na kudai umekimaliza. Lakini kuibomoa Paxtu, au kuiacha ioze, ni kuuchana ukurasa huo mmoja uliobaki. Atakayefanya hivyo atakuwa ameuharibu ushahidi. Bila veranda ile, mtoto atajuaje kwamba amani na dhuluma ziliweza kuishi mtaa mmoja pasipo kusalimiana?

Najua watakaopinga. Mmoja ataniuliza: ya nini kuchanganya kumbukumbu ya mzee aliyewapenda watoto na siasa za ardhi? Nitamjibu kwamba mchanganyiko huo sikuuleta mimi. Uskauti wenyewe nchini Kenya, ulioanza mwaka 1910, uligawanywa kwa rangi enzi za ukoloni, wavulana wa Kizungu, wa Kihindi na wa Kiafrika kila mmoja na kikundi chake. Leo Rais wa Kenya ndiye Mlezi Mkuu wa maskauti, na vijana wa kila kabila na dini huvaa skafu hizo. Mabadiliko hayo ni ushindi wa Wakenya. Tukificha mgawanyiko ule, tutaficha pia ushindi wao. Mwingine ataniambia kwamba shule zina upungufu wa madawati na vitabu, hivyo mambo ya nyumba kuukuu yasubiri. Huyu ana haki ya kulalamika kuhusu madawati. Hata hivyo, ninayoyapendekeza hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji daftari, kalamu na miguu.

Kwanza, shule zinazopeleka wanafunzi Paxtu ziwapeleke wakiwa na maswali yaliyoandikwa. Nyumba hii imeelekea wapi, na imeupa nini mgongo? Chai ilitoka wapi? Kuni zilitoka wapi? Jina hili lina maana gani, na aliyefagia sakafu aliijua maana hiyo? Mwalimu wa Kiswahili, wa historia na wa jiografia wanaweza kuligeuza zoezi hilo kuwa kazi moja ya mradi, na mtaala wa umilisi unaruhusu mambo kama hayo.

Pili, na hili haliwezi kungoja, wanafunzi wa Nyeri wakae na wazee wao. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka kumi hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952 sasa ameshavuka miaka 80. Yeye ndiye anayekumbuka nyumba ya mama yake ilipoungua. Pengine baba yake alifanya kazi hotelini au katika shamba la mlowezi, na pengine anayakumbuka maneno ya Kisetla kama yalivyotamkwa, na jinsi watumishi walivyoyacheka jikoni mlango ukishafungwa. Ushahidi huo hauko katika jalada lolote. Yarekodiwe masimulizi hayo katika Kigikuyu, yatafsiriwe kwa Kiswahili, yahifadhiwe katika maktaba ya shule, yatajwe majina ya wasimulizi wanaoridhia. Mzee anapofariki hazikwi na maneno yake tu, huzikwa na namna ya kuyasema.

Tatu, maelezo ya nyumba za kihistoria nchini yaandikwe pia kwa Kiswahili, lugha ya taifa na lugha rasmi kwa Katiba ya mwaka 2010. Na yasiandikwe kwa Kiswahili cha kutafsiri vibao vya Kiingereza neno kwa neno. Yaandikwe upya, kwa sauti ya anayezungumza na jamaa yake, na yawataje wajenzi, wapishi na walinzi hata pale tusipoyajua majina yao. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 imeweka njia ya kulinda majengo. Kulinda masimulizi ya majengo hayo ni kazi ya walimu.

Mlima unaoonekana kutoka Paxtu unatufunza jambo hilo. Mwaka 1849 mmishonari Krapf aliuona kutoka Ukambani, akaandika jina lake kama alivyolisikia kwa Wakamba. Matamshi ya wasafiri waliomwongoza, yaliyonaswa na sikio la mgeni, ndiyo yaliyokuja kuwa jina la nchi yetu nzima. Wageni waliandika na wenyeji walisema, na bila waliosema pasingekuwa na cha kuandikwa. Hivyo ndivyo ilivyo kwa koteji ya Nyeri pia. Waliokaa verandani tumewasoma vya kutosha, na vitabu vyao vipo. Waliobaki ni wale waliosimama nyuma ya kiti, na watoto wao wangali hai kuwasemea. Mwalimu, wapeleke wanafunzi wako kwao kabla ya muhula huu kwisha.